Mpangilio wa mizingo: swali lililo wazi kuhusu makundi ya mabadilishano yasiyo na kikomo

Katika hisabati ya makundi, mzingo ni jamii ya vitu ambavyo kundi fulani la mabadilishano linaweza kukipeleka kimoja mahali pa kingine. Vitu vikiwa na idadi yenye kikomo, mizingo huhesabiwa kwa kanuni inayojulikana tangu karne ya 19, inayohusishwa na majina ya Cauchy na Frobenius. Vitu visipokuwa na kikomo, kanuni hiyo haifai tena, na swali lenyewe hubadilika. Linakuwa hivi: kuna mizingo mingapi ya vitu viwili viwili, mingapi ya vitatu vitatu, mingapi ya vinne vinne, na mfuatano huo wa namba unakua vipi?

Aliyelifanya swali hili kuwa tawi zima la utafiti ni Peter Cameron, mwanahisabati mzaliwa wa Australia aliyefundisha Oxford, Queen Mary huko London na baadaye St Andrews. Mwaka 1981 alitoa madai mawili kuhusu mizingo hiyo. La kwanza lilithibitishwa na Maurice Pouzet wa Lyon mwaka 2008. La pili bado liko wazi. Yote mawili yanakuwa mepesi pale mizingo inapoweza kupangwa kwenye foleni moja inayoheshimu kuzidisha, na ugumu wake wote unaanzia pale foleni hiyo isipoonekana.

Mtaa wa Congo usio na mwisho

Mfano ulio karibu zaidi na mkazi wa Dar es Salaam uko Kariakoo. Siku za kuelekea Idi, machinga katika Mtaa wa Congo hujipanga bega kwa bega, meza kwa turubai, na kati ya wawili waliokwisha kubanana hutokea wa tatu akapata pa kutandaza bidhaa zake. Mwanahisabati huichukua hali hiyo hadi mwisho wake. Mtaa hauna mwanzo wala mwisho, na kati ya wafanyabiashara wowote wawili yuko mwingine daima. Huo ndio mstari wa namba wiano, yaani namba zote zinazoandikika kwa sehemu. Cantor alikwisha kuonyesha kwamba kila mstari wa namna hiyo, ilimradi vitu vyake viweze kupewa namba moja, mbili, tatu na kuendelea, una umbo lilelile.

Sasa ruhusu wafanyabiashara wote wahame kwa pamoja, kwa sharti moja: hakuna kumpita mwenzako. Aliyekuwa kushoto kwako abaki kushoto kwako. Mahamisho yote ya namna hiyo, yakikusanywa, ndiyo kundi letu. Chagua wafanyabiashara watatu wowote, kisha watatu wengine popote mtaani. Liko hamisho linalowapeleka wale watatu wa kwanza mahali pa hawa wa pili, kwa kuwa mtaa hunyooka na kubanwa bila kukatika. Basi vikundi vyote vya watatu ni mzingo mmoja, na vivyo hivyo kwa wanne, kumi au elfu.

Mambo ni tofauti tukiwaandika kwenye orodha, wa kwanza, wa pili na wa tatu. Orodha inayoanza na aliye kushoto haiwezi kugeuka kuwa orodha inayoanza na aliye kulia, maana hakuna kupitana. Watatu walewale hutoa orodha sita, na kila moja ina mzingo wake. Wanne hutoa 24. Tofauti hii kati ya kikundi kisichopangwa na orodha iliyopangwa ndiyo mlango wa kila kinachofuata.

Afrika Mashariki ina watu walioishughulikia tofauti hiyo kwa miaka mingi, upande wa seti zenye kikomo. Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, Ireri Kamuti, aliyepata shahada ya uzamivu Southampton mwaka 1992, alilea kizazi cha watafiti wa makundi ya mabadilishano. Miongoni mwao Jane Rimberia alichunguza kundi la mabadilishano yote likifanya kazi juu ya orodha zilizopangwa, na Lewis Nyaga, pamoja na Kamuti na wenzao, wakachunguza kundi hilohilo juu ya vikundi visivyopangwa. Mfano mdogo unaonyesha kazi yenyewe. Weka kikundi cha wawili kando ya kikundi kingine cha wawili: ama ni kilekile, ama vina mtu mmoja wa pamoja, ama havina wa pamoja. Hali ni tatu tu. Ukiweka orodha ya wawili kando ya orodha nyingine ya wawili, hali zinakuwa saba, kwa kuwa aliye wa kwanza huku anaweza kuwa wa pili kule. Vitu vikiwa vinne au zaidi, idadi hizo hazibadiliki tena, hata vikiongezwa bila kikomo. Ndiyo maana naiona kazi ya Nairobi kuwa hatua ya kwanza kabisa ya somo hili, na mwanafunzi wa kwetu anayetaka kuingia humu ana pa kuanzia karibu na nyumbani.

Mwaka 1976 Cameron alijiuliza ni makundi gani yasiyo na kikomo yenye mzingo mmoja tu kwa kila ukubwa wa kikundi, kama ulivyo mtaa wetu. Jibu lake bado linashangaza. Hali ni tano, basi. Ya kwanza ni uhuru kamili, ambapo yeyote anaweza kwenda popote. Ya pili ni mtaa usioruhusu kupitana. Ya tatu ni mtaa huohuo unaoweza pia kusomwa kinyumenyume. Ya nne ni mduara, na ya tano ni mduara unaoweza kugeuzwa. Hakuna aliyetaja mpangilio wowote katika swali, ila mpangilio umejitokeza wenyewe ndani ya jibu.

Mizingo ikiwa maneno

Tuongeze kitu kimoja. Kila mfanyabiashara auze ama kanga ama viatu, na biashara hizo mbili zichanganyike kiasi kwamba kati ya watu wowote wawili yupo muuza kanga na yupo muuza viatu. Hamisho sasa lina masharti mawili: hakuna kupitana, na hakuna kubadili biashara. Ukichagua watu watatu na kuwasoma kutoka kushoto, unapata neno la herufi tatu, kwa mfano KKV, kanga, kanga, viatu. Vikundi viwili viko kwenye mzingo mmoja iwapo tu vinasomeka kwa neno lilelile. Kwa hiyo mizingo ya mtu mmoja mmoja ni 2, ya wawili wawili ni 4, ya watatu 8, ya wanne 16, ikiongezeka maradufu kila hatua.

Mfuatano huo haupungui, na hilo ni sheria ya jumla. Mwaka 1965 Donald Livingstone na Ascher Wagner walithibitisha kwamba, katika kundi lenye kikomo, idadi ya mizingo ya vikundi haipungui kadiri vikundi vinavyokua, ilimradi ukubwa wake usivuke nusu ya vitu vyote. (Livingstone huyu alikuwa mwanahisabati wa Birmingham, mtaa wa Kariakoo wenye jina hilo unamkumbuka mwingine.) Vitu visivyo na kikomo havina nusu ya kuvuka, kwa hiyo namba hazishuki kamwe. Dugald Macpherson aliongeza mwaka 1985 kwamba, kwa kundi lisilolinda mgawanyo wowote wa vitu katika mafungu, hakuna njia ya kati. Ama kuna mzingo mmoja tu kwa kila ukubwa, ama idadi inakua kwa kasi ya kuzidishwa hatua baada ya hatua.

Watu wa mantiki wana sababu yao ya kujali hesabu hizi. Kwa theoremu ya Ryll-Nardzewski ya 1959, kundi kuwa na idadi yenye kikomo ya mizingo kwa kila ukubwa ni alama ya muundo ambao sentensi zake zinautambulisha kikamilifu miongoni mwa miundo ya ukubwa wake. Hilo ni somo la makala nyingine.

Kuzidisha mizingo

Hatua ya Cameron iliyobadilisha kila kitu ilikuwa kuipa mizingo hesabu yake yenyewe, ya kujumlisha na kuzidisha. Kujumlisha ni kuandika mizingo ya ukubwa mmoja pamoja, kila mmoja na mgawo wake, kama 2KKV + KVK. Kuzidisha kunahitaji maelezo zaidi. Kupata zao la neno P na neno R, angalia kila neno refu ambalo urefu wake ni jumla ya urefu wa yote mawili, na uhesabu njia za kuligawa katika nafasi zinazosomeka P na nafasi zilizobaki zinazosomeka R. Idadi hiyo ndiyo mgawo wa neno hilo.

Jaribu KV mara K. Katika neno KKV, unaweza kuondoa K ya kwanza au ya pili, na kila mara inabaki KV; njia ni mbili. Katika KVK, ukiondoa K ya mwisho inabaki KV, lakini ukiondoa ya kwanza inabaki VK, ambayo siyo. Njia ni moja. Katika VKK, ondoa K yoyote, inabaki VK; hakuna njia. Jibu ni 2KKV + KVK. Kanuni hiyohiyo hutumika kwa kundi lolote, hata pale ambapo mizingo haisomeki kama maneno. Kinachopatikana huitwa aljebra ya mizingo.

Dai la kwanza la Cameron lilihusu jambo ambalo kila aliyefika sekondari hulichukulia kuwa la kawaida: namba mbili zisizo sifuri zikizidishwa, jibu si sifuri. Katika aljebra ya mizingo hilo halijihakikishi, kwa sababu jumla mbili ndefu zikizidishwa, migawo chanya na hasi inaweza kufutana. Iwapo yupo mfanyabiashara ambaye hamisho haliwezi kumtoa alipo, mambo huharibika mara moja. Mzingo wake peke yake, ukizidishwa na wenyewe, ni sifuri, kwa kuwa hakuna kikundi cha wawili kinachoweza kugawanywa kuwa yeye na yeye tena. Cameron alidai kwamba hicho ndicho kizuizi pekee, kwamba kila mzingo wa kitu kimoja kimoja ukiwa hauna kikomo, zao la visivyo sifuri haliwi sifuri kamwe.

Hoja ya kamusi

Kwa mtaa wa kanga na viatu, dai hilo linathibitishwa kwa hoja fupi, na ndiyo hoja ninayotaka msomaji aikamate, kwa kuwa swali zima linaizunguka.

Panga maneno ya kila urefu kama kwenye kamusi: K hutangulia V, na neno linalokuja baadaye tuliite kubwa. Chukua maneno mawili ya urefu mmoja, P dogo na Q kubwa, na neno la tatu R. Miongoni mwa maneno yote yanayotokana na kuzidisha P na R, litazame lililo kubwa kuliko yote. Ndani yake herufi za P zimekaa kwenye nafasi fulani. Ziondoe, na katika nafasi zilezile uweke herufi za Q. Mahali pa kwanza panapobadilika ni pale Q inapotofautiana na P kwa mara ya kwanza, na hapo V imechukua nafasi ya K. Neno jipya ni kubwa kuliko la awali, na linatokana na Q na R. Basi neno kubwa la Q na R linalipita neno kubwa la P na R.

Ukishapata hilo, kazi imekwisha. Zidisha jumla yoyote kwa jumla yoyote. Neno kubwa la jumla ya kwanza likikutana na neno kubwa la jumla ya pili, hutoa neno ambalo jozi nyingine yoyote haiwezi kulifikia. Hakuna cha kulifuta. Zao si sifuri.

Hoja hii inafaa pia mahali ambapo maneno hayapo. Grafu ya Rado, iliyopewa jina la Richard Rado, ina nukta zisizo na kikomo zilizounganishwa kwa namna ambayo kila grafu ndogo yenye kikomo inapatikana ndani yake. Mizingo yake ni grafu ndogo zenyewe: 1 ya nukta moja, 2 za nukta mbili, 4 za nukta tatu, 11 za nukta nne, 34 za nukta tano. Huko kinachotangulia ni uchache wa viunganisho. Zao la grafu mbili huwa na grafu moja yenye viunganisho vichache kuliko nyingine zote, ile inayoziweka mbili hizo kando kando bila kuziunganisha, na hiyo ndiyo inayoshika nafasi ya neno kubwa.

Kwenye mduara

Ondoka Kariakoo, pita Mnazi Mmoja, uende hadi Sanamu ya Askari katikati ya jiji. Wapange wauza kanga na wauza viatu kuuzunguka mzunguko ule, wengi bila kikomo, waliobanana kama awali. Vikundi sasa vinasomeka kwa kuzunguka, na KKV, KVK na VKK ni kitu kimoja, kwa kuwa hakuna wa kwanza. Mizingo ya wawili ni 3, ya watatu 4, ya wanne 6, ya watano 8, ya sita 14.

Hoja ya kamusi hapa inapoteza mguu wake. Ilitegemea mahali pa kwanza panapobadilika, na mduara hauna pa kwanza. Unaweza kukubaliana kwamba kila mduara usomwe kuanzia pale unapotoa neno kubwa zaidi, ila ukibadilisha herufi za P kwa za Q, huenda mahali pa kuanzia kusoma pakahama, na ulinganisho wote ukavurugika. Zaidi ya hayo, mazao yaliyokuwa tofauti yanaanza kufanana. KV mara KV ni 4KKVV + 4KVKV, wakati KK mara VV ni KKVV + KVKV. La kwanza ni la pili mara nne kamili, jambo lisilotokea kwenye mtaa ulionyooka.

Na mduara bado ni muundo tunaoujua vizuri. Dai la Cameron linahusu kila kundi lisilo na mizingo yenye kikomo ya kitu kimoja kimoja, na kwa sehemu kubwa ya makundi hayo hatuna herufi, hatuna viunganisho, hatuna chochote cha kuipa kamusi pa kuanzia. Pouzet alilishinda dai la kwanza kwa kuikwepa kamusi kabisa. Alionyesha kwamba jumla mbili zisizo sifuri zikitoa zao la sifuri, basi kuna mkusanyiko mmoja wa vitu, wenye kikomo, unaogusa kila kikundi kinachoshiriki katika jumla hizo. Kundi lisilo na mizingo yenye kikomo haliruhusu hilo, kwa kuwa hamisho linaweza kukipeleka kikundi chochote mbali na mkusanyiko huo. Uthibitisho ni imara, na matokeo yake ni ya kuhesabika: mizingo ya ukubwa wa m + n haipungui mizingo ya m ukijumlisha na ya n, ukitoa moja. Kwenye mduara wetu, wanne wana 6, na sharti ni 3 + 3 − 1, yaani 5. Lakini uthibitisho huo hautuonyeshi mzingo upi unabaki juu baada ya mengine kufutana. Hautoi mpangilio.

Dai la pili

Kuna kipengele kimoja katika aljebra hii chenye hadhi ya pekee, jumla ya mizingo yote ya kitu kimoja kimoja. Huandikwa e, na kwetu ni K + V. Kuzidisha kwa e ni kumwongeza mtu mmoja yeyote kwenye kikundi. Sheria ya namba zisizoshuka hutokana na ukweli kwamba kuzidisha kwa e hakugeuzi kitu chochote kuwa sifuri.

Dai la pili linasema kwamba e ni tasa, kwa maana ileile ya namba tasa: e ikigawanya zao la vitu viwili, basi inagawanya angalau kimoja chao. Likiwa kweli, sharti la Pouzet litahusu pia nyongeza ya mizingo kutoka ukubwa mmoja hadi unaofuata. Nyongeza ya kufikia m + n haitapungua nyongeza ya m ukijumlisha na ya n, ukitoa moja. Hiyo ingekuwa habari kubwa kuhusu kasi ya ukuaji, kwa makundi yote kwa mpigo. Kwingineko aljebra hii imeanza kufunguka: Justine Falque na Nicolas Thiéry, huko Orsay nchini Ufaransa, walitangaza mwaka 2018 kwamba mizingo inapokua taratibu, kwa kasi ya polinomia, aljebra nzima hujengwa kutokana na vipengele vyenye idadi yenye kikomo, kama ilivyokuwa imedaiwa. Dai la e tasa linavuka mipaka ya ukuaji wa taratibu.

Ugumu wake unaonekana hata kwenye mtaa ulionyooka, ambako jibu linajulikana. Kuuliza kama e ni tasa ni sawa na kuihesabu e kuwa sifuri, kisha kuuliza upya lile swali la kwanza katika kinachobaki. Fanya hivyo kwa vikundi vya wawili. Kutoka e mara K tunapata 2KK + KV + VK = 0. Kutoka e mara V tunapata KV + VK + 2VV = 0. Maneno yalikuwa manne, masharti ni mawili, yanabaki mawili huru. Lakini ni yapi? Unaweza kuweka KV na VK, kisha KK na VV zikaandikwa kwa hizo. Unaweza kuweka KK na KV, kisha VV ikawa sawa na KK, na VK ikawa kinyume cha jumla ya 2KK na KV. Kila uchaguzi hutoa meza tofauti ya kuzidisha, yenye alama za kutoa ndani yake, na hoja ya kubadilisha herufi haiwezi kuvumilia alama za kutoa.

Kwa maneno njia ipo. Mwaka 1979 David Radford alionyesha kwamba aljebra ya mtaa wa kanga na viatu ni polinomia za maneno maalumu yaitwayo maneno ya Lyndon, ambayo kila moja linatangulia mikia yake yote kwenye kamusi: 2 ya herufi moja, 1 la herufi mbili, 2 ya tatu, 3 ya nne, 6 ya tano. K na V ni mawili ya kwanza, kwa hiyo kuifanya K + V kuwa sifuri ni kufuta kigeugeu kimoja, na kinachobaki bado ni polinomia. Hapo e ni tasa bila shaka. Grafu ya Rado nayo ina polinomia zake, za grafu zilizoungana. Kwa kundi lolote lisilo na mizingo yenye kikomo, kinachokosekana ni kanuni ya kusema ni mizingo ipi ibaki baada ya e kufutwa, na ipangweje ili zao la inayotangulia libaki mbele ya mazao mengine yote.